Kisima cha Baba

Nilistaafu kufundisha Kiswahili nikiwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: nikisikia mtu akisema "kisima yetu", mkono wangu wa kulia unaanza kutafuta kalamu nyekundu. Mke wangu anasema hata kanisani midomo yangu hucheza nikimsahihisha mhubiri. Ni kweli, sibishani naye. Kwa hiyo ofisi ya kaunti iliponipigia simu kuniuliza kama ningeweza kushughulikia kumbukumbu za mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi kwa ajili ya mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, nilikubali kabla aliyepiga hajamaliza sentensi. Niliona nchi hatimaye imenihitaji.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtaalamu kutoka Nairobi, binti mpole aliyekuja na viatu visivyojua matope yetu, angewauliza watu ni nini kimebadilika katika mvua na mashamba yao, na wamefanya nini ili maisha yaendelee. Maneno yao yangerekodiwa, yangechapwa Nairobi na watu wasiotujua, kisha karatasi zingerudishwa kwangu Kiogoro ili ninyooshe lugha. Kutokana na karatasi za kaunti zote, ungeandikwa mkakati. Palipohitajika mkalimani wa Ekegusii, lugha yetu sisi Wagusii, mkalimani ni mimi.

Mkutano wetu wa kwanza ulifanyika Nyacheki, katika ukumbi wa kanisa. Siku mbili kabla, mvua ya mawe ilikuwa imepita juu ya chai ikaiacha vijiti vitupu, na watu walikuja na hasira ambayo hawakujua pa kuipeleka. Mtaalamu alipotamka neno "tabianchi", mzee mmoja aliomba aelezwe ni tabia gani hiyo, maana tabia za nchi hii yeye anazijua na hazijabadilika tangu azaliwe. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Nilieleza, nao wakaanza kuzungumza: mvua inayochelewa halafu inakuja yote kwa mara moja, ndizi zinazoanguka kabla hazijakomaa, vijito ambavyo zamani viliwazuia watoto kwenda shule na leo unavivuka bila kuvua viatu.

Ndipo akasimama mwanamke mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, gamboti miguuni. Wote mle ndani walimjua. Aliolewa upande wa Nyamira, ndoa ikamshinda, akarudi kwao Nyacheki na watoto wawili, na kwetu binti aliyerudi nyumbani ni mtu anayesemewa zaidi kuliko anavyosema. Nilisogea ili nimtafsirie. Akanipungia mkono nikae.

"Kaa tu, Mwalimu. Mimi pia nilienda shule. Wageni nitawaambia na Kiswahili yangu."

Nikakaa.

"Kisima yetu haijawahi kauka," akasema. "Hata ule mwaka ng'ombe za watu zilikufa, sisi tulikuwa tunateka maji na jirani wanakuja kuteka. Ni juu ya baba. Baba alipanda miti pale juu, miti za kienyeji, akiwa amenibeba mgongoni. Akakataza mtu asikate hata fimbo. Kila asubuhi alikuwa anafagia majani kwa mdomo ya maji. Sasa baba ameenda, mimi ndiye nafagia. Ndugu yangu anataka kukata hizo miti apande blugamu, na blugamu inakunywa maji. Mimi nasema hapana, lakini mimi ni nani? Ni msichana alirudi nyumbani. Naomba muandike kwa hiyo kitabu ya serikali: hiyo maji iko juu ya baba, na baba aliniachia mimi."

Hakuna Mgusii ambaye hangemwelewa. Kwa Ekegusii, mama ndiye "baba". Mzazi wa kiume ni "tata". Mtoto wetu akianguka akilia "Baba! Baba!", anayetoka jikoni mbio ni mama yake. Yule dada alikuwa akizungumza Kiswahili, lakini alipomfikia mzazi wake alirudi nyumbani bila kujua, kama tunavyofanya wote mambo yakiwa ya moyoni. Nilimwelewa, ukumbi mzima ukamwelewa, na mtaalamu akatikisa kichwa kwa huzuni. Sikufikiri kwamba yeye alikuwa akimhuzunikia mtu mwingine.

Wiki kadhaa baadaye karatasi zilifika. Niliketi barazani na kikombe cha chai, kalamu nyekundu mkononi, mwenye raha kamili. Mama yangu mzazi, ambaye anakaa nyumba ya pili katika boma letu, alikuwa kando akichambua maharagwe. Maneno ya yule dada niliyakuta katikati ya rundo. "Kisima yetu" nikaifanya "chemchemi yetu". "Miti za kienyeji" ikawa "miti ya kiasili". Blugamu nikaivisha suti, ikawa mikaratusi. Nilipofika kwenye "baba alipanda", niliona sentensi haina kosa hata moja la upatanisho, ila ilikuwa kavu kidogo, haikumpa marehemu heshima yake. Nikaandika juu yake, kwa mwandiko ambao wanafunzi wangu waliuogopa: "marehemu baba yake mzazi".

Naapa sikuwaza kitu. Na Kiswahili chenyewe hakikunishtua, kwa sababu alipanda ni alipanda tu, alifagia ni alifagia, awe mwanamume au mwanamke. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ningejikwaa, pale aliposema baba alipanda miti akiwa amembeba mgongoni. Hapo nilikata mstari, maana tuliagizwa tufupishe. Nikafungua ukurasa uliofuata.

Rasimu ilipotoka, maneno yake yalikuwamo, tena ndani ya kisanduku chenye rangi. Nilijivuna. Kilisema kwamba mzee mmoja wa Nyacheki alilinda chemchemi kwa hekima aliyoipata kwa mababu zake, na kwamba mkakati unapendekeza kila chemchemi ikabidhiwe mrithi wa familia iliyoitunza. Kaunti haikutaka kungoja mkakati ukamilike. Ilichagua chemchemi chache za kuanzia majaribio, ya Nyacheki ikiwa ya kwanza, ikaandaa orodha ya walinzi ambao wangeamua nini kipandwe na nini kikatwe kuzunguka maji. Orodha ingethibitishwa katika mkutano wa mwisho, Kenyenya. Penye chemchemi ya Nyacheki liliandikwa jina la ndugu wa yule dada.

Haya ya orodha niliyajua baadaye. Jumapili moja niliona gamboti zikipanda njia ya kwetu Kiogoro. Alikaribishwa, akaketi, akamsalimu mama yangu kwa mikono miwili kama inavyofaa, akakataa chai, jambo ambalo kwetu ni dalili mbaya. Akatoa kwenye mfuko wa nailoni nakala ya kile kisanduku cha rasimu, imepigwa chapa nyeusi na nyeupe.

"Mwalimu, nisomee hapa."

Nikamsomea kwa sauti, polepole, na vituo vyote. Akaniomba nirudie. Nikarudia, safari hii kwa madoido zaidi, nikijua kabisa kwamba anataka kusikia utamu wake. Nilipomaliza nikamwambia Kiswahili hiki ni safi.

"Safi sana," akasema. "Umeosha mpaka mama yangu ametoka."

Hakuwa ametumia neno "mama" kwa mzazi wake hata mara moja siku ile Nyacheki. Alilitumia sasa, kwangu, ili nisikose kuelewa tena. Niliangalia karatasi. Nilisoma mara ya tatu, kimya, nikaliona lile neno ambalo nililiona mwanzo nikalipamba. Damu ilinipanda masikioni kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Akanieleza. Ndugu yake alikuwa akitembea na nakala hiyo kijijini. Aliisoma kwa wazee, akaisoma kwenye kiwanda cha chai, akamsomea hata yeye: serikali imeandika maji ni ya mzee, mzee ameacha kijana mmoja, na kijana ni yeye. Mti mmoja ulikuwa tayari umeanguka. "Nikimwambia ni baba alipanda, ananiambia ndiyo, hata karatasi inasema ni baba. Ananicheka na neno langu." Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akainuka. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Alipoondoka, mama yangu, ambaye alikuwa amesikia kila kitu, aliendelea kuchambua maharagwe. Ila alinitazama mara moja, na mimi nikajua anakumbuka nini.

Nilipokuwa darasa la tatu tuliambiwa tuandike insha, "Baba yangu". Niliandika kwa moyo wangu wote. Baba yangu ana nguo ya maua. Baba yangu ananyonyesha mtoto. Baba yangu anapika obokima mzuri. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, na wenzangu, ambao wote walikuwa wakiwaita mama zao baba, walicheka mpaka wakaanguka sakafuni, kwa sababu si wao waliokamatwa. Jioni ile niliingia jikoni nikamkuta mama yangu akisonga ugali, nikamtangazia kwamba kuanzia leo yeye ni Mama. Hakuacha kusonga. "Sawa," akasema. "Osha mikono, Mama atakupakulia." Tangu siku hiyo sijamwita vinginevyo. Na mimi nilipokuwa mwalimu, kila mwaka alitokea mtoto ambaye baba yake ananyonyesha, na kila mwaka nilichora mstari mwekundu. Kamwe sikusoma insha yoyote mbele ya darasa, nilijisifu kwa hilo. Lakini mstari niliuchora.

Nilimpigia simu mtaalamu siku iyo hiyo. Alisikitika kweli, nilimsikia akisikitika, lakini akasema maudhui yalikwisha fungwa. Kilichobaki ni mkutano wa Kenyenya kuthibitisha orodha, na marekebisho madogo ya lugha.

"Ya lugha yanaruhusiwa?" nikamuuliza.

"Ya lugha tu, Mwalimu."

"Basi tutaonana Kenyenya."

Ukumbi wa Kenyenya ulijaa. Ofisa wa kaunti alisimama na orodha yake, akaanza kusoma majina ya walinzi wa chemchemi, watu wakipiga makofi. Yule dada alikaa nyuma karibu na mlango. Ndugu yake alikaa mbele, shati limepigwa pasi, ile nakala mfukoni imechungulia. Jina lake liliposomwa, nikanyoosha mkono.

Nikasema kuna kosa la lugha. Nikasema kosa si la mtaalamu, si la waliochapa, ni langu. Nikasema dada alisema "baba" na mimi, mtoto wa Mgusii, niliyezaliwa na kunyonyeshwa na baba, nikamgeuza mzee.

Watu wakaanza kunong'ona. Ndugu yake akainuka, kwa heshima, sikatai.

"Mwalimu, wewe ulitufundisha. Hata mimi ulinifundisha. Kwa Kiswahili, baba ni nani?"

"Kwa Kiswahili ni mzazi wa kiume."

"Na hii karatasi ni ya lugha gani?"

"Ya Kiswahili."

"Basi kosa iko wapi?"

Wengine wakacheka, na kwa haki, maana alikuwa amenibana. Nilimwangalia vizuri. Nilimkumbuka sasa, dawati la dirishani, mtoto aliyekuwa akiandika "miti zangu" hata umlipe asiandike. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya kazi. Nikaona nikiendelea na sarufi nitapotea, nikamuuliza kwa Ekegusii. Nikamuuliza, ulipougua ukiwa mdogo, usiku wote ule unalia, ulikuwa ukimwita nani?

Alitazama nyuma, kwa dada yake, kisha akatazama chini.

"Baba," akasema.

"Na nani alikuja?"

"Si ni baba tu."

"Alikuwa na ndevu?"

Ukumbi ukalipuka, na yeye mwenyewe akashindwa, akacheka, kisha kicheko kikamkwama. Halafu akazungumza kwa Kiswahili, akiwa amemgeukia mtaalamu.

"Sijawahi kataa ni yeye alipanda. Tata hata alikuwa anataka kukata, wakagombana. Lakini madam, wewe andika na yangu. Chai yangu imepigwa na mawe, ikaota, ikapigwa tena. Blugamu haiogopi mawe. Kiwanda inanunua kuni. Watoto wako shule. Nyinyi mnasema tukabiliane. Mimi pia si nakabiliana?"

Mtaalamu aliacha kuandika akamtazama, na nilimpenda kwa hilo, kwamba hakumkimbilia na jibu. Akamwambia, nitaandika kama ulivyosema, jibu sina bado. Nami niliona aibu nyingine mpya, kwa sababu njiani kuja Kenyenya nilikuwa nimemfanya mtu huyu mwizi wa maji kichwani mwangu, kumbe alikuwa mtu aliyeogopa mawe.

Dada yake alikuja mbele. Hakuniangalia mimi wala ofisa. Akamwambia ndugu yake, kwa lugha yetu, kwamba ule mteremko wa barabarani, mbali na maji, yeye hana neno nao, apande blugamu zake huko, na hata kuchimba mashimo atamsaidia. Lakini pale juu ya kisima, hapana. Ndugu yake akasema amesikia. Ofisa akakata jina moja na kuandika jingine. Kwa kalamu nyeusi, ya kawaida.

Nilikwenda kuwaona baada ya mvua kuanza. Kisiki cha ule mti ulioangushwa kilikuwa kimetoa machipukizi membamba, na dada alikuwa amekizungushia miiba ili mbuzi wasiyafikie. Blugamu za barabarani zilikuwa zimenifikia magotini. Maji yalikuwa yanatoka, na mdomo wa kisima ulikuwa umefagiwa.

Lilibaki jambo moja. Mtaalamu alinipigia akaniuliza tuandikeje sasa kwenye mkakati wenyewe, "mama yake"? Nikamwambia ndiyo, bila shaka, kisha nikajizuia. Nikampigia dada mwenyewe nimuulize. Kelele za kuku zilikuwa nyingi upande wake, ikabidi nirudie swali.

"Andika vile nilisema," akanijibu.

"Lakini watu wa pwani hawataelewa. Watu wa Nairobi hawataelewa."

"Si uwaeleze, Mwalimu? Kazi yako ni gani?"

Kwa hiyo ndani ya ule mkakati wa kitaifa, kitabu kinene ambacho sidhani kuna mtu kijijini kwetu atakisoma chote, kuna kisanduku chenye rangi kisemacho, "Baba alipanda miti pale juu, miti za kienyeji, akiwa amenibeba mgongoni." Upatanisho mbovu haujaguswa. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo sana, kuna tanbihi: "Kwa Ekegusii, baba ni mama." Hiyo tanbihi ndiyo kazi yangu ya pekee katika kitabu kizima.

Siku nakala yangu ilipofika niliichukua mjini nikapanda nayo kilima cha Kiogoro, nikiwa nimeikumbatia kifuani. Mama yangu alikuwa ndani ya nyumba yake, mlango umerudishwa. Nilisimama uani. Neno lilikuwa limekaa kooni mwangu tangu darasa la tatu na halikutaka kutoka kirahisi.

"Baba!" nikaita.

Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, na sauti ikanivunjika mwishoni kama ya mtoto.

Nilisikia kikombe kikianguka. Akatoka mbio, mwanamke wa umri ule, bila viatu, bila fimbo yake, mikono imenyooshwa mbele, akinitafuta mwilini kama kuna damu.

"Umeumia wapi?" akauliza.

Nikamwambia sijaumia, Baba, nimekuja tu. Lakini hakuniamini, akaendelea kunipapasa kichwa.